Mwisho wa Neno

Łódź, ghorofa ya tatu, Jumanne saa kumi.
Jina kwenye fomu limekatwa kwa kalamu
mpaka karatasi ikatoboka.

Bi Halina haulizi. Anasogeza bakuli
la cheri za chupa, anapangusa miwani kwa sweta.

Kipolandi hakifichi: sema tu "nililala",
kitenzi chenyewe kinakutangaza, wa kike, wa kiume.
Ndiyo maana mtoto huyu, miaka kumi na sita,
wiki tano amejibu kwa mabega.

Leo theluji inayeyuka, mfereji wa paa unagugumia.
"Sikulala," anasema,
na mwisho wa neno anauweka
anavyoutaka yeye.

"Hukulala,"
anajibu Bi Halina,
kwa mwisho uleule.

Iwo anatema kokwa.
Anachukua cheri nyingine.