Matone Mawili

Mimi mpika halwa, Kuze, kichochoro cha nyuma,
na pua ndiyo mizani yangu.
Jicho hukwambia sukari imegeuka rangi,
mkono hukwambia mwiko umekuwa mzito,
lakini iliki, iliki ni ya pua.

Mafua yalinishika mwanzo wa Mfungo Sita.
Nikanunua kichupa, kidogo kama kidole gumba.
Matone mawili. Lo! Mlango ukafunguka,
upepo ukanipita hadi kisogoni,
nikasikia harufu ya mkate wa mofa kwa jirani
na ya paka aliyelalia gunia langu.

Siku ya nne mafua yalikwenda zao.
Kichupa hakikwenda.
Usiku nilikipapasa chini ya mto
kabla sijampapasa mke wangu.
Kikiisha nguvu, pua hufura;
natia, yafura, naongeza,
nikawa mwenye kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Jumatano moja nikatia iliki mara mbili,
sikujua.
Mteja wa Kisauni alirudisha sinia zima,
akaliweka mezani, hakusema neno.

Mwembe Tayari, kwenye duka la dawa,
Bi Mwanasiti akavua miwani.
"Wakitumia tangu lini?"
"Wiki sita."
"Sita! Siku tatu, shekhe. Ikizidi sana, tano.
Ukipita hapo, dawa yenyewe ndiyo izibayo.
Na presha je?"
Nikanyamaza.
"Na vile vidonge vya mafua, wavimeza pia?"
Nikatazama makubadhi yangu.
"Vile hukaza mishipa, ya pua na ya mwili mzima.
Pua yapata nafasi, moyo wakosa.
Mwenye presha hajinunulii kama anunuaye peremende.
Huuliza kwanza."

Akanipa maji ya chumvi ya kusafishia.
Tundu la kulia liache leo, akasema,
la kushoto wiki ijayo.
Na presha ukapimwe sasa hivi, si kesho.

Usiku ule nililala nimekaa,
mdomo wazi kama changu sokoni.
Tundu la kulia lilininunia siku nne.
Mke wangu akakificha kichupa,
nami nikajifanya sikitafuti.

Siku ya kumi na mbili, sufuria motoni,
kitu kikanigusa puani, chembamba.
Haikuwa iliki.
Ilikuwa halwa, yaungua chini.
Nikacheka peke yangu,
nikavuta kuni mbili nje.