Vipapatio Sita

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Kijana wa kaunta, kofia nyekundu, kauliza:
"Mabawa sita, au kumi na mawili? Tutie pilipili?"

Mabawa! Kwetu tukiita kipapatio,
nacho kilikuwa changu, kitindamimba:
firigisi ya baba, paja la mgeni,
kidari wakigombea Hemedi na Mwanahawa.
Mimi nikifyonza mfupa mpaka ulie mbinja.

"Sita," nasema.
"Elfu tisa."
Jogoo wetu mzima hakufika bei hiyo,
na alikuwa na jina.

Trei imekuja. Ndimu, chachandu, tishu mbili.
Nala cha kwanza, cha pili,
cha tatu nimekishika tu,
natazama mlangoni
huenda akatokea mtu
wa kuninyang'anya.