Alhamisi, Chini ya Nyumba ya Květa

Kilima ni sponji tuliyopewa na fundi magodoro,
mto ni karatasi ya chokoleti iliyonyooshwa kwa ukucha,
na msitu, huo Radim aliuokota bustanini kwa mamake:
vijiti vya mrujuani vilivyokauka, bado vinanukia.
Nje, theluji imeifunika Jihlava hadi vizingitini.
Humu chini ni mwezi wa saba,
mwaka elfu moja mia nne na ishirini na kitu,
nami nina magari kumi na mawili ya mbao
yaliyofungamanishwa kwa mkufu uliokatika.
Wakulima wangu wamejibanza nyuma yake
na fimbo zao za kupuria ngano.

Ng'ambo ya meza amekaa Bořivoj.
Wapanda farasi wake ni arobaini, chuma utosini hadi kwatoni.
Kila ngao aliipaka rangi mwenyewe, zamani,
kwa brashi ya unywele mmoja,
akibana pumzi kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.
Simba mweupe wa mikia miwili, mdogo kuliko punje ya ulezi:
mtazame kwa kioo, utazihesabu kucha.

Sasa mkono wake hautulii.
Ulianzia kwenye kijiko, ukaja kwenye vifungo vya shati,
na majani yalipopukutika ukafika hapa mezani:
alinyoosha kidole kumsogeza mpiga tarumbeta mmoja,
kikosi kizima kikalala kifudifudi
bila adui kurusha hata jiwe.
Hatukucheka. Hilo ndilo lililomuudhi.
"Chekeni basi, mbwa nyie!"
Květa akapanda juu kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kwa hiyo siku hizi mkono wake ni mimi.
"Tano kulia," anasema, "halafu wapande."
Nachukua futikamba, napima,
nawapandisha farasi wake kilima cha sponji
mmoja mmoja, nikiwashika vitako vya risasi,
nawapanga sawasawa, mikuki mbele,
waje kuniua.

Usidhani sijashawishika.
Nusu inchi tu, nani angeona?
Nusu inchi, na shambulio lake lingezama matopeni.
Radim, mwamuzi wetu, alikuwa anapambana na soseji ya siki.
Nikapima tena.
Nusu inchi ikabaki yake.

Lakini dadu anarusha mwenyewe.
Hapo hataki msaada wa mtu.
Anazifumbata, mkono unazitikisa bila kutumwa,
zinagongana kama meno ya aliyeopolewa kwenye barafu.
"Kazi moja," anasema, "nimebakiwa na kazi moja ninayoiweza kuwashinda wote."
Sita. Sita. Tano. Sita.
Mkufu unaachia. Wakulima wangu nawaondoa mwenyewe,
nawalaza kwenye sanduku la viatu,
kila mmoja na pamba yake.

Amebaki mwanamke mwenye kikapu cha mawe,
wa mwisho kupakwa rangi na Bořivoj.
Jicho lake moja limeteleza hadi shavuni.
Alitaka kumfuta aanze upya;
nilimficha siku tatu mfukoni mwa koti.
Ana gari moja. Mbele yake farasi kumi na tisa,
na zamu ni yangu.

Juu, birika linapiga mluzi, hakuna anayeinuka.

"Anakimbia?"
"Hakimbii."
"Vizuri," anasema Bořivoj,
na kunisukumia dadu,
nazo zinanifikia zingali zinatetemeka.