Upungufu

Mimi ni karani wa mizani, si mshairi.
Mizani niijuayo haihesabu silabi:
ni bamba la chuma, mita kumi na nane.
Lori likipanda, linaguna, namba zinatulia,
naandika.

Miaka sita naandika makaa ya mawe
yanayotoka Ruvuma na kulala hapa Mtoni kabla ya safari.
Yakiingia: tani thelathini na moja.
Yakitoka: thelathini na robo.
Katikati kuna safu nyembamba, UPUNGUFU,
na bosi, Bwana Kitundu, alinifundisha siku ya kwanza:
"Hapo jaza upepo."
Nikajaza. Upepo, upepo, upepo,
hata siku ambazo jani la mpapai halikutikisika.

Nyuma ya ukuta kuna kijito, Mzambarauni.
Mzambarau wenyewe ulikatwa kabla sijazaliwa,
lakini jina halikatwi kwa shoka.
Zamani watoto walirudi na ndimi za zambarau.
Siku hizi wanarudi wamevaa soksi nyeusi
na hawana soksi.

Masika ya mwaka jana lundo letu lilinyeshewa siku nne.
Sikuliona likishuka. Niliona ukuta ukilia,
weusi ukipenya kwenye matundu ya tofali
taratibu, kama mafuta kwenye karatasi ya maandazi.
Usiku kijito kikaingia majumbani bila hodi,
kikakaa hadi asubuhi, kikaondoka,
kikaacha mstari kiunoni mwa kila ukuta,
mnyoofu kuliko wowote nilioupiga kwa rula.

Juma lililofuata Bi Mwanamvua Pazi,
wa matuta ya mchicha kule ng'ambo,
akaja getini na ndoo kichwani.
Mlinzi akadhani analeta vitumbua.
Akaitua juu ya bamba langu. "Pima."
Namba haikusogea: mizani ya malori
haioni kitu chini ya kilo ishirini.
"Sifuri, bibi."
"Sifuri," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.
Akaondoka. Ndoo akaiacha.

Alasiri wakaja wengi.
Chausiku wa genge. Fundi Kimweri na toroli.
Wanafunzi wawili wamebeba beseni kama jeneza la paka.
Mama mmoja na godoro, godoro zima,
lililokunywa likashiba.
Hawakupiga kelele. Walipanda mmoja mmoja,
wakamwaga walichozoa uvunguni, matutani, kisimani,
wakashuka.
Mizani ikaguna.
Kilo mia sita na themanini.

Mimi nilikuwa na kalamu. Bosi alikuwa na simu sikioni.
Katika ile safu nyembamba nikaandika, herufi kubwa:
YAMERUDI.

Sikufukuzwa. Nadhani ni kwa sababu mkaguzi wa mazingira
alifika kabla ya mwisho wa mwezi,
akaomba daftari, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa,
akauliza, bila kucheka,
upepo wote huu ulivuma kuelekea wapi.

Sasa kuna mfereji unaozunguka lundo
na mashimo matatu ya kutuamisha maji:
la kwanza jeusi, la pili chai ya rangi,
la tatu, tuseme, chai ya jana.
Kingoni Bi Mwanamvua amepanda matete;
yasipochipua anayatukana kwa majina.
Turubai bado fupi. Linafunika makaa
kama kanga moja inavyofunika watu wawili mvuani:
lazima mmoja aloe.

Juzi usiku ilinyesha. Saa nane nilikuwa kwenye tuta la chini
na viroba vya mchanga, na bosi, suruali imekunjwa,
ananimulikia tochi.
Kona moja ikamegeka. Tukaiziba kwa viroba,
kwa mikono, mwisho kwa lile godoro
ambalo hakuna aliyerudi kulichukua.

Leo nimechota maji ya kijito kwenye chupa,
nimeiweka dirishani, kando ya rula.
Chini pametuama weusi, unene wa ukucha.
Mwaka jana ulikuwa unene wa kidole.

Bi Mwanamvua amepita, ameinama, ameitazama.
"Ukucha nao," amesema, "hukwaruza."

Nimeandika.