Mwaka Ulioshiba

Gome halikunisumbua. Misimu miwili darini,
juu ya moshi wa jiko, kando ya magunia ya uwele,
limeachia lenyewe kama ganda la kidonda kilichopona.
Chini yake weupe, na weupe si haja yangu.
Nautaka wekundu wa mkole,
na ndani ya wekundu
nataka mwaka mmoja tu.

Elieza haelewi. Ana miaka kumi na minne,
na nyani wanakula mtama wa mama yake tangu Jumatatu.
"Mjomba, si upige randa tu, ulainike?"

Randa ni ya meza. Meza haipindwi kila alfajiri.
Tumbo la upinde lichonge upendavyo, litakuvumilia.
Mgongo ndio unaovutwa.
Ukiikata pete ya mgongo, hata kwa upana wa ukucha,
hapo hapo ndipo utakapovunjikia,
siku ambayo hukuipanga.
(Nina alama juu ya jicho la kushoto.
Simwonyeshi. Ameshaiona.)

Kisu changu kina mikono miwili.
Kabla ya kuwa kisu kilikuwa springi ya lori la chumvi,
mhunzi wa Manchali akakifua, akadai mbuzi,
akapewa kuku wawili na ahadi.
Naketi kizingitini, mti nimeubana
kwa paja na kwa nguzo ya mlango,
navuta kuja kifuani.
Navuta.
Kati ya mwaka na mwaka upo utando laini,
wa wiki zile mti ulipoanza kunywa.
Hapo kisu hukwaruza, krrr, kama jino kwenye pumba.
Kisha, ghafla, kinanyamaza. Kinateleza.
Umefika. Usiongeze hata pumzi.

Miaka ya njaa imebanana, mitatu, minne,
myembamba kama karatasi ya Biblia.
Haisimamiki. Naipita.
Sisi tuliila kwa mlenda mkavu, siku baada ya siku,
na leo naifagia kwa mguu, maganda tu, ya kuwashia moto.

Hapa palikuwa na tawi. Kifundo.
Sikikati. Nakizunguka, naacha kilima kidogo,
kama trekta linavyolizunguka kaburi shambani
na dereva hasemi kitu.

Jua la saa kumi na moja linaingia kwa ubavu.
Naweka kisu, nachukua kipande cha chupa ya soda,
nakwangua mpaka unga.
Kila tone la utando lililobaki
linajitaja kwa kivuli chake.

Nilihesabu kwenye ncha, nilipokata kwa msumeno,
kutoka gome kuja ndani.
Mara ya kwanza, kumi na moja.
Mara ya pili, kumi na mbili.
Ongeza ile miwili ya darini.
Ikiwa kumi na mbili, huu ni mwaka wa Elieza mwenyewe,
maji yalipobeba daraja
na Keziya akajifungulia ng'ambo, kwa watu asiowajua.
Ikiwa kumi na moja, ni mwaka uliofuata,
nao ulikuwa wa mvua,
mwaka wa yule aliyekaa siku tisa
na hatukuwahi kumpa jina.
Sikuhesabu mara ya tatu.

"Ni mwaka gani huu, Mjomba?"
Ulioshiba, nasema.
Mti haukuandika zaidi ya hapo.

Anapitisha kiganja, ncha hadi ncha,
polepole, kama anayempapasa ndama mgeni.
Hakuna ngazi, hakuna mkato.
Mkono unasimama kwenye kilima.
"Hapa umesahau."

Lete mafuta ya kondoo, namwambia.
Kidogo tu, kwa dole gumba,
ukifuata urefu.
Na hapo usiparuke.
Paka na hapo.