Gauni Lililorudi Berlin

Mimi ndiye niliyelifumua.
Magazeti hayanitaji, na sidai kitu,
lakini wembe ulikuwa wangu
na meza ilikuwa ya jikoni kwangu, Łódź, ghorofa ya nne,
Ijumaa usiku, baridi imechora maua kwenye kioo.

Wiesława Dratwa aliingia na theluji mabegani,
gauni moja la kijani ndani ya mfuko wa karatasi,
risiti ameikunja mara nne, kaificha kwenye sidiria.
"Fumua," akasema, "ila usikijeruhi kitambaa.
Jumanne narudi nalo Berlin."

Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mwezi wa tatu.
Mshahara wa mwisho tulilipwa kwa majora:
mawili kila fundi, weka saini hapa, kwaheri.
Mimi niliyakalia yangu kama kuku juu ya mayai viza.
Yeye alinunua ya wajane, ya walevi, ya waliokata tamaa,
kwa mkopo, kwa nusu mkopo, mara moja kwa soseji,
akatandika kitanda cha kukunja sokoni,
akasimama nyuma yake tangu saa kumi alfajiri
amejaza karatasi ndani ya viatu.

Hakuwa na jicho la uzuri, naapa.
Alikuwa na sikio.
Msichana akipita na kumnong'oneza mwenzake,
"Laiti lingekuwa na mikono mifupi,"
kufika Alhamisi mikono imekuwa mifupi.
Ukiyavulia maji nguo, yaoge, husema watu;
yeye aliyavulia, akayaoga,
na zile nguo akaziuza kabla hajatoka majini.

Vipande kumi na saba juu ya meza.
Nilizungusha chaki pembezoni mwa kila kimoja
juu ya magazeti ya jana,
kiuno kikapita katikati ya hotuba ya waziri,
kola ikaangukia kwenye matangazo ya vifo.
Jumapili wanawake sita, vyerehani vitatu,
supu moja ya kabichi.
Jumatatu magauni mia mbili na kumi.
Saa sita mchana kitanda kilibaki spiringi tupu.

Na usiku ule nikalirudisha lile la kwanza uhai,
sindano nikiipitisha katika matundu yale yale
mpaka macho yakatoa machozi yenyewe.
Muuzaji wa Berlin aliligeuza, akalikagua, akahesabu noti zote.
"Halikunipendeza," alimwambia Wiesława,
kwa Kijerumani pekee alichokuwa amejifunza.

Mengine mnayajua. Maduka mia nne na kumi na mawili.
Siku kumi na mbili kutoka karatasi hadi dirishani,
kisha tisa,
kisha mtu fulani, mahali fulani, halali.
Mimi nilikuwa msimamizi, halafu mshauri,
halafu shada la maua na mkono wa kuagana.

Mwaka jana alinituma gari.
Bohari nje ya mji, mlima wa nguo zilizorudishwa,
naye juu ya kiti cha plastiki, fimbo mapajani, miaka sabini na mmoja.
Akachomoa gauni la kijani
(si lile, lile lilibaki Berlin),
akapeleka kwapa lake puani,
akacheka hadi akakohoa.
"Huyu alicheza mpaka asubuhi."

Kisha akanionyesha lebo.
Ilikuwa imekatwa, ikashonwa tena kwa mkono,
uzi ukipita katika matundu yale yale.
"Karudishiwa pesa?"
"Zote."

Mezani palikuwa na karatasi za mawakili:
muda wa kurudisha, siku kumi na nne, ziwe tatu.
Kalamu ilikuwa juu yake. Sikuuliza.
Alilisukumia gauni ndani ya mkoba wangu
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Ninalo hapa. Halinitoshi.
Nimelisogeza karibu na taa:
pindo safi, lebo imenyooka,
ila kona ya kushoto kaharakisha.
Huyo binti, yeyote alivyo,
mleteni kwangu nimwonyeshe.
Jikoni ni kule kule.