Karatasi ya Mgeni

Kijidudu cha malaria nakiona:
pete ya zambarau ndani ya seli nyekundu,
mpangaji anayekula kuta za nyumba aliyopanga.
Huyu wa leo simwoni. Darubini yangu hapa Katindo
haimfikii. Naona mashine ikijibu *ndiyo*,
naona jina kwenye kichupa:
Nsimire, miaka sita, Ndosho.

Kwa hiyo nimeazima macho ya baba.

Baba yangu Bauma alichonga chukudu hukohuko Ndosho,
juu ya mawe meusi ya volkano
ambako msumari ukianguka hulia kama kengele.
Mikalitusi, randa, gurudumu la mbao
lililovishwa mpira wa tairi kuukuu.
Mlango wake ulikuwa na kitasa cha kawaida,
kwa sababu mlango wa fundi ni wa wateja.

Seli nayo ina vitasa vyake utandoni
vya kupokea sukari, chumvi, salamu za mwili.
Mgeni havunji. Ana ufunguo,
wala hakuwahi kujifunza kuchonga:
funguo elfu kwa elfu zilikataa,
waliozibeba wakapotelea njiani,
mmoja ukazunguka.

Hana mikono. Hana moto, hana msumeno, hana tumbo.
Ukimwacha juu ya jiwe ni vumbi lenye maandishi.
Alichobeba ni karatasi,
na karatasi ina neno moja: nitengenezeni.

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
hawakumjua huyu.
Jioni hiyohiyo yeye ndiye anayemkabidhi mwenyeji jembe.

Mwaka ule baba alikwenda Sake kumzika dada yake,
karakana akawaachia Mumbere na Bwira.
Usiku wa pili akaja mtu mwenye viatu safi
(safi, katika vumbi lile!),
akatandaza mchoro mezani,
akaweka noti juu yake usipeperuke, akaenda zake.
Vijana wakapima. Wakakata. Wakapiga msasa.
Mbao za chukudu zilipokwisha wakang'oa benchi,
kisha rafu,
kisha nguzo ya tatu ya paa.
Kazi ilikuwa safi. Hilo ndilo linaloniuma,
ilikuwa safi kuliko chukudu zao zote.

Baba aliporudi alikuta vitako vya bunduki arobaini
vimepangwa ukutani, vinakauka rangi.
Hakupiga kelele. Alichukua kimoja
akakitundika mlangoni, upande wa nje,
mtaa mzima ukione.

Na seli hufanya hivyo. Ikiwa bado ina nguvu
hutundika utandoni kipande
cha kile kinachotengenezwa ndani,
hutuma neno kwa majirani: fungeni.
Kisha huwasubiri walinzi
ambao hawaji kuikarabati.
Wanakuja kubomoa,
na yenyewe imo ndani.

Mafuta ya taa baba aliyamwaga mwenyewe.
Nilikuwa na umri wa huyu Nsimire.
Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa wa moto
kuliko ukuta uliokuwa ukiwaka.

Saa kumi na moja alfajiri. Mama wa mtoto
amesimama dirishani, kitenge kimegeuzwa,
anauliza mbona homa haishuki,
ni ugonjwa huo, au ni nini?

Nanawa kwa maji ya kloro hadi kwenye viwiko.
Ni mwili, Mama, namwambia.
Ni mwili unachoma karakana yake.

Ananitazama kama mtu aliyeuliza bei
akajibiwa hadithi.
Anauliza tena, polepole, kwa ajili yangu:
atapona?

Nje chukudu inateremka na magunia ya makaa,
gurudumu linagonga jiwe, linagonga jiwe.
Sijui ni nani aliyelichonga.
Nachukua kichupa kingine, naandika jina lake tena.